Mpangaji wa Mji na Mpangaji wa Chumba

Katika mwaka wa 1907 mtengenezaji sabuni mmoja wa Uingereza, William Hesketh Lever, aliyafikisha mahakamani magazeti yaliyomchafulia jina. Mwaka uliotangulia magazeti hayo, Daily Mail likiwa mbele, yalikuwa yamewaambia wasomaji wao kwamba Lever na wenziwe wameunda shirika la kuipandisha bei ya sabuni na kumpunja maskini. Lever alishinda. Daily Mail lilikubali kumlipa paundi 50,000, na magazeti yote pamoja yakamlipa kiasi cha paundi 91,000. Mtu huyu hakuwa na haja ya fedha hizo, kwa kuwa sabuni ilikuwa imekwisha kumtajirisha. Akazitoa kwa Chuo Kikuu cha Liverpool, mji ulio jirani na kiwanda chake. Sehemu moja ilikwenda kusaidia elimu ya maradhi ya nchi za joto, na sehemu nyingine ikaanzisha, katika mwaka wa 1909, idara ambayo hapana nyingine ya namna yake iliyoitangulia duniani: idara ya chuo kikuu ya kufundisha kupanga miji.

Naianza habari yangu kwa kesi hii ya sabuni kwa sababu wanafunzi wetu wengi huichukua elimu ya mipango miji kama elimu isiyo na kwao, iliyoshuka kama mvua juu ya nchi zote sawasawa. Hesabu za eneo na mistari ya barabara huonekana kuwa hazina taifa wala ukoo. Mimi si mpanga miji. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, na kazi yangu ni maneno. Lakini neno moja ndilo lililonifikisha katika jambo hili, kama nitakavyoeleza mbele, na mtu afuataye neno hana budi kupita lilikopita.

Miji ya Uingereza ya wakati ule ilikuwa na moshi na maradhi. Wafanyakazi wa viwanda waliishi katika nyumba zilizobanana migongo kwa migongo, na katika Liverpool kwenyewe jamaa nyingi zilikaa katika vyumba vilivyozunguka viwanja vyembamba visivyopata jua. Lever alikuwa amejaribu dawa yake mwenyewe. Tangu mwaka wa 1888 aliwajengea watumishi wa kiwanda chake kijiji kizuri, akakiita Port Sunlight kwa jina la sabuni yake, kikawa na nyumba zenye bustani, shule, na jumba la picha. Wageni walikisifu, nacho kinastahili sifa. Walakini nyumba ile ilifuatana na kazi; aliyeachishwa kazi aliachishwa na nyumba. Lever alikuwa baba kwa watu wake, na kama baba wengi hakupenda watoto wabishe.

Aliyemshauri atoe fedha kwa elimu hii ni Charles Reilly, mkuu wa shule ya usanifu wa majengo katika chuo kile. Mwalimu wa kwanza alikuwa Stanley Adshead, naye msanifu wa majengo. Msaidizi wake kijana aliitwa Patrick Abercrombie, ambaye baadaye aliupangia mji wa London ramani zake mashuhuri za mwaka 1943 na 1944. Katika mwaka ule ule wa 1909 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kwanza yenye maneno ya kupanga miji katika jina lake, na mwaka wa 1910 idara ikaanza kutoa jarida lake, ambalo lingali likichapishwa hata leo. Mwaka wa 1914 wapangaji walifanya chama chao huko London. Kwa hiyo katika muda wa miaka mitano tu kazi iliyokuwa haina jina ilipata sheria, kiti cha profesa, jarida na chama. Sijui elimu nyingi zilizokua kwa upesi wa namna hii.

Tena inafaa tukumbuke kwamba waliokuwa walimu wake wa kwanza walikuwa wasanifu wa majengo. Walizoea kuuona mji kama kitu cha kuchorwa: mhimili, uwanja, mstari wa miti, jengo kuu la kuufungia mtazamo. Mtu alionekana katika michoro yao, lakini alionekana mdogo, kama doa la wino, naye hakuulizwa kitu. Na fedha zilizowalisha zilitoka kwa bwana ambaye mwaka wa 1911 alipatana na serikali ya Ubelgiji kupewa ardhi kubwa ya michikichi katika Kongo, ambako watu walilazimishwa kumvunia mawese ya sabuni yake. Sisemi kwamba Adshead na Abercrombie wana hatia ya Kongo. Nasema tu kwamba mkono uliowajengea watu wa Port Sunlight bustani ndio uliowachukulia watu wa Kwilu misitu yao, na kwamba katika pahala pote pawili mwenye ramani hakuwa mwenye mji.

Adshead mwenyewe alikuja Afrika. Baada ya kuhamia Chuo Kikuu cha London mwaka wa 1914 na kufundisha huko miaka mingi, serikali ya Rhodesia ya Kaskazini ilimwita aupange mji mkuu mpya mahali palipoitwa Lusaka. Taarifa yake aliitoa mwaka wa 1931, na serikali ikahamia huko kutoka Livingstone mwaka wa 1935. Alichora mji wa bustani, wenye njia pana juu ya mgongo wa kilima na nafasi kubwa baina ya nyumba na nyumba. Ila Mwafrika katika mji ule alihesabiwa kuwa kibarua: mtu wa kuja peke yake, kufanya kazi, kulala kambini, na kurudi kwao. Mji ulichorwa kwa ajili ya wachache, na walio wengi waliingia katika ramani kama watu wa kupita. Leo wakaaji wengi wa Lusaka wanakaa katika vitongoji ambavyo profesa yule hakuviwazia kabisa, na vitongoji hivyo vingali vikiitwa kwa neno la Kiingereza lililotumika kwa kambi za vibarua.

Lakini ilikuwako njia nyingine, nayo ilikuwako tangu mwanzo. Patrick Geddes, Mskoti aliyezaliwa mwaka wa 1854, hakuwa msanifu. Alikuwa mwalimu wa elimu ya mimea katika Dundee. Pengine ndiyo sababu aliutazama mji kama mtu atazamavyo mti, ambao huwezi kuunyosha kwa rula bila ya kuuvunja. Katika Edinburgh alinunua jengo refu mwaka wa 1892 na kuligeuza mnara wa kutazamia: mgeni alipanda juu kwanza akauona mji wote na mashamba yaliyouzunguka, kisha akashuka orofa kwa orofa akijifunza habari za mji, za nchi, za Ulaya, na za dunia. Fundisho lake kubwa lilikuwa jepesi kutamka na gumu kutenda: uchunguzi hutangulia mpango. Asiyejua watu wanafanya kazi gani, wanapita wapi, wanazika wapi na wanachota maji wapi, hana ruhusa ya kushika kalamu.

Mwaka wa 1914 Geddes aliitwa India na gavana wa Madras. Maonyesho yake ya miji, yaani ramani na picha alizokusanya miaka mingi, yalipakiwa katika meli nyingine, Clan Grant, na meli hiyo ikazamishwa na manowari ya Kijerumani iitwayo Emden. (Wasomaji wa pwani yetu wanaijua zaidi mwenzake, Königsberg, iliyomalizikia katika delta ya Rufiji mwaka wa 1915.) Rafiki zake wakamkusanyia maonyesho mengine, naye akaendelea. Katika miji ya India alikuta wahandisi wakipitisha barabara zilizonyooka katikati ya mitaa ya kale, wakibomoa nyumba kwa mamia ili hewa ipite. Yeye alikwenda kwa miguu, akasimama katika kila kichochoro, akaonyesha kwamba ukiondoa nyumba mbili zilizokwisha kuanguka, ukapanda mti mmoja na kusafisha kisima, mtaa utapumua, na gharama itakuwa sehemu ndogo tu ya ile ya kubomoa. Kazi hiyo aliiita upasuaji wa kuhifadhi.

Kisa chake cha Indore kinasimuliwa sana, nami sioni vibaya kukisimulia tena. Mji ule ulikuwa na tauni, na watu walimwogopa mgeni huyu mwenye ramani, wakiamini kuwa amekuja kuwabomolea. Geddes akamwomba mtawala ampe mji kwa siku moja. Akatangaza kwamba siku ya sikukuu ya Diwali maandamano hayatapita njia yake ya desturi, bali yatapita katika mitaa itakayokuwa imesafishwa na kutengenezwa kuliko mingine. Watu walifagia, wakaziba matundu ya panya, wakapaka chokaa, na maelfu ya mikokoteni ya taka yakatoka mjini. Baada ya hapo mgeni hakuogopwa tena. Taarifa yake ya Indore, ya mwaka 1918, ina majuzuu mawili, na ndani yake amewekwa mfagiaji pamoja na mfalme. Tangu mwaka wa 1919 mpaka 1924 alikuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Bombay, akifundisha elimu ya jamii na ya uraia wa mijini. Wanafunzi walimpenda, wahandisi wa serikali hawakumpenda. Mwenye kuandika ripoti ndefu zenye mzaha ndani yake hashindani kwa urahisi na mwenye kuchora mstari ulionyooka.

Elimu hii ilifikaje kwetu? Haikuja na Geddes mwenyewe, ingawa ilikaribia. H. V. Lanchester, msanifu aliyefanya kazi pamoja naye huko India, aliitwa Unguja, na kitabu chake juu ya kupanga mji wa Zanzibar kilitoka mwaka wa 1923. Lakini kabla ya wasanifu walikuwa wamekwisha kufika waganga. Profesa W. J. Simpson, bingwa wa afya ya jamii, alitumwa Afrika ya Mashariki mwaka wa 1913 kwa ajili ya tauni na maradhi mengine, na ushauri wake ulikuwa kwamba Wazungu, Wahindi na Waafrika wagawanywe katika sehemu mbalimbali za mji, na baina yao paachwe nafasi tupu. Maradhi yalikuwa ya kweli. Dawa ilikuwa ya rangi.

Dar es Salaam ilikuwa imekwisha kuanza kugawanyika tangu Wajerumani walipohamishia makao yao huko kutoka Bagamoyo mwaka wa 1891 na kutoa amri za aina za nyumba zinazoruhusiwa kila mahali. Waingereza waliendeleza kazi hiyo. Mkaaji yeyote wa Dar es Salaam anaujua uwanja wa Mnazi Mmoja. Ni wachache wanaokumbuka kwamba uliachwa wazi ili uwatenge watu wa Kariakoo na watu wa Uhindini. Wenyeji waliyapa maeneo yale majina ya wazi kuliko yote yaliyomo katika ramani: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Serikali haikupenda uwazi huo. Mpango wa mwaka 1949, uliotengenezwa na wahandisi Sir Alexander Gibb na wenziwe, haukusema rangi; ulisema msongamano mdogo, msongamano wa kati, na msongamano mkubwa. Yeyote aliyetaka kujua maana ya maneno hayo alikwenda kutazama nani anakaa wapi. Naona hapa lugha ya mtaani ilikuwa ya kitaalamu zaidi kuliko lugha ya wataalamu, kwa kuwa ilisema lililopo.

Katika mwaka wa 1956 mambo mawili yalitokea katika Tanganyika. Sheria ya kupanga miji na vijiji ilitungwa kwa kufuata mtindo wa Uingereza, na ikafunguliwa Dar es Salaam shule ndogo ya kufundisha wapima ardhi, ambayo mwaka wa 1958 ilihamishiwa kilimani, mahali ilipo hata leo. Tutazame vizuri jinsi mambo haya mawili yalivyokaa pamoja. Sheria ilimpa mamlaka mpanga miji. Shule ikamfundisha kijana wa nchi kupima. Kufikiri mji utakuwaje kulibaki kazi ya mtu wa ng'ambo. Kushika mnyororo, kusimika mawe ya mpaka na kuandika namba za viwanja kukawa kazi ya mwenyeji. Siidharau kazi ya upimaji, ambayo ni ya uangalifu na ya heshima. Lakini mgawanyo ule ulitufundisha kwamba kiwanja hutangulia mji, na kwamba kisichopimwa hakipo. Fundisho hilo halijatutoka.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1961, nchi ilikuwa na haja ya miji kuliko ilivyokuwa na watu wa kuipanga. Mpango mpya wa Dar es Salaam, wa mwaka 1968, ulitengenezwa na kampuni ya Toronto. Ule uliofuata, wa mwaka 1979, ulitengenezwa na kampuni nyingine ya Kanada. Hata Dodoma, iliyochaguliwa kuwa mji mkuu mwaka wa 1973, mpango wake wa mwaka 1976 ulitoka kwa Wakanada wale wale wa kwanza. Lakini nastahi kusema kwamba mpango ule wa Dodoma ulikuwa na fikira njema: ulijaribu kujenga makao makuu yasiyo na majivuno, mji wa watembeao kwa miguu, ukianzia katika nyumba kumi kumi. Bahati mbaya fedha hazikuwa na unyenyekevu wa kiasi hicho.

Ndipo katika mwaka wa 1972 shule ile ya kilimani ilipoanza kufundisha stashahada, na upangaji miji ukawa mojawapo ya masomo yake. Mwaka wa 1974 Bunge likaifanya kuwa Chuo cha Ardhi kwa sheria yake. Huko Nairobi nako elimu hii iliingia chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ile ile. Furaha ingalikuwa kamili kama si jambo moja ambalo wanafunzi wa leo hawaambiwi vya kutosha. Kati ya mwaka 1972 na 1974, katika mageuzi yaliyoitwa Madaraka Mikoani, mabaraza ya wilaya na ya miji ya Tanzania yaliondolewa. Nchi ilianza kufundisha wapanga miji wake wakati ule ule ilipoyavunja mabaraza ambayo wangeyafanyia kazi. Kijana alihitimu akijua kuandika mpango wa mji, akapelekwa mkoani ambako mji haukuwa na baraza, wala hazina, wala mtu wa kumjibu mwananchi anayeuliza kwa nini mfereji umeziba. Mabaraza ya miji yalirudishwa mwaka wa 1978, baada ya taka na kipindupindu kuwafundisha watu yale ambayo ripoti hazikuweza.

Juu ya mipango ya mikoa nitasema kidogo tu, maana ingehitaji makala yake. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mwaka wa 1967 idara ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, nayo ilifanya kazi ya thamani kubwa. Lakini katika miaka ya 1970 mikoa iligawiwa wafadhili kama sahani za biriani: Wafini walichukua Mtwara na Lindi, Wajerumani wa Magharibi Tanga, Wajapani Kilimanjaro, na kila mmoja aliandika mpango wa mkoa kwa desturi za kwao. Wakati huo huo mamilioni ya wanavijiji walihamishwa katika Operesheni Vijiji, mara nyingi kwa haraka ambayo hakuna uchunguzi wowote ungeweza kuitangulia. Geddes alikuwa amekufa miaka arobaini.

Haikuwa yote hasara. Katikati ya miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, serikali iliacha kuibomoa Manzese na badala yake ikaipitishia barabara, mabomba na taa, huku nyumba zikiachwa zilipo kadiri ilivyowezekana. Huo ulikuwa upasuaji wa kuhifadhi, ingawa sidhani kama kuna aliyelitaja jina la mzee yule. Viwanja vipya vya mradi huo huo, kule Sinza na Mikocheni, vilikusudiwa watu wa kipato kidogo, na msomaji anayeijua Mikocheni haniombi nimweleze vilikoishia.

Chuo cha Ardhi kiliingizwa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kama chuo kishiriki mwaka wa 1996, na mwaka wa 2007 kikawa chuo kikuu kamili. Mwaka huo huo wa 2007 sheria ya mwaka 1956 ilifutwa na kuwekwa Sheria ya Mipango Miji. Shule na sheria zilizozaliwa mwaka mmoja zilivua nguo zao za kale mwaka mmoja. Katika muda huo Dar es Salaam, iliyokuwa na watu 128,742 katika hesabu ya mwaka 1957 na 272,821 katika ile ya 1967, ilifika watu 5,383,728 katika hesabu ya mwaka 2022. Wengi wao wanakaa katika nyumba ambazo hakuna mpango uliozitangulia. Nyumba hizo zilijengwa na mafundi, zikauzwa kwa mashahidi, zikagawanywa kwa warithi, zikapangishwa chumba kwa chumba.

Hapa ndipo neno langu linapoingia. Katika Kiswahili anayepanga mji ni mpangaji, na anayekodi chumba ni mpangaji. Yamkini yako maelezo ya kisarufi, nami nimewahi kuyatoa darasani bila ya kuridhika nayo. Nyumba ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, na ua nyuma. Katika ua huo wapangaji wa vyumba sita hupanga zamu ya choo, zamu ya kufagia, mahali pa kila jiko, na kamba ipi ni ya nguo za nani. Mipango hiyo haijaandikwa, nayo hutiiwa kuliko nyingi zilizoandikwa. Nami nilikulia katika nyumba ya namna hiyo, ya bibi yangu mzaa mama. Siku moja tulirudi shuleni tukaikuta na alama nyekundu ukutani, iliyopakwa na watu wa ofisi fulani ambao hawakubisha hodi. Barabara iliyopita pale inahitajika, naipita mara kwa mara, wala sitaki irudishwe kuwa ua. Lakini hapana aliyemwuliza bibi hata swali moja, naye alikuwa na majibu mengi.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa mipango miji alinijia na karatasi ya maswali aliyotaka niisahihishe Kiswahili chake. Alikuwa akichunguza kitongoji kimoja bondeni, ambacho nyumba zake za mwisho zilikuwa zimekwisha kutiwa alama. Maswali yake yalikuwa tafsiri ya maswali ya Kiingereza, na kitongoji chenyewe alikiita makazi holela. Nilimwuliza kama angependa mtu aingie nyumbani kwa mama yake akamwambie kwamba anakaa holela, kisha amwombe dakika thelathini za mahojiano. Akacheka, akalifuta. Tulitafuta neno jingine kwa saa nzima. Makazi yasiyopimwa lilisema kweli kidogo; makazi yasiyo rasmi lilikuwa la kiofisi. Mwishowe aliandika jina la mtaa basi, kama waliouishi walivyouita.

Juma lililofuata alirudi akiwa na kisa. Alikuwa amebisha hodi kwa bibi mmoja mwenye nyumba, akamwamkia, akajitambulisha kwa adabu.

"Shikamoo, bibi. Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, nasomea upangaji."

"Marahaba, mwanangu," akajibu yule bibi. "Chumba nilichokuwa nacho kimekwisha kupata mtu. Pita tena mwisho wa mwezi."

Kosa lilipofahamika walicheka wote wawili, na karatasi ya maswali ikakaa chini ya kiti. Bibi alimweleza jinsi marehemu mumewe alivyonunua kiwanja kwa mwenye shamba la minazi, mbele ya mjumbe wa nyumba kumi na mashahidi wawili, na minazi mingapi ilihesabiwa katika bei. Alimwonyesha njia iliyopita baina ya nyumba yake na ya jirani. Mwanafunzi alikuwa ameiandika katika daftari lake kuwa kichochoro kisichofaa, kwa kuwa gari haliwezi kupita. Bibi akamwambia kwamba majirani walikaa kikao juu ya upana wa njia ile, wakabishana siku mbili, hata walipokubaliana kwamba ipite jeneza likiwa mabegani mwa watu wanne, pamoja na mtu wa kupokezana kila upande. Jirani mmoja alibomoa ngazi zake ili kipimo hicho kitimie. Mumewe alipofariki alitolewa kwa njia hiyo.

Mwanafunzi alinionyesha daftari. Neno kichochoro alikuwa amelikata kwa mstari, na pembeni ameandika mapatano yale yote, jina la mzee aliyebomoa ngazi, na mwaka. Lakini mahali pa kipimo palikuwa patupu, maana siku ile hakuwa na futi. Aliniaga mapema, kwa sababu alikuwa ameahidiana na bibi kwamba alasiri atarudi nayo, na bibi alikuwa amekwisha kumwonyesha jiwe la kuanzia.